Fundo, Mkusanyo na Jina: Itikadi Zilivyoijenga Katavi

Neno itikadi limetufikia kutoka Kiarabu, na mzizi wake una maana ya kufunga fundo. Katika mzizi huohuo tumepata akdi, lile fundo la ndoa, na akida, mkuu wa askari wa pwani ambaye baadaye Wajerumani walimfanya mtumishi wa dola yao. Kwa asili yake, basi, itikadi ni jambo lililofungwa moyoni likakazwa. Lakini fundo halifungwi hewani. Huhitaji kamba, na huhitaji vitu vya kuunganishwa. Ndiyo maana mtu anayetaka kuifahamu itikadi hatosheki na kusoma maazimio na katiba. Hana budi kuwatazama watu waliofungwa pamoja, mahali walipofungiwa, na jina walilopewa baada ya kufungwa.

Tunapotafuta historia ya itikadi katika Tanzania, aghalabu tunakwenda Dar es Salaam, Arusha au Unguja, kule yalikotolewa matamko. Makala haya yanakwenda kwingine, katika Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, makao makuu yake yakiwa mji wa Mpanda. Katika nchi hii ya miombo, baina ya Ziwa Tanganyika na bonde la Rukwa, watu walikusanywa mara nne katika muda wa miaka mia moja hivi, na kila mara kwa itikadi nyingine: dini, tiba ya kikoloni, ujamaa, na hifadhi ya wakimbizi. Kila itikadi ilikuja na ramani yake ya makazi na jina lake la mwanadamu. Hoja yangu ni kwamba itikadi hujenga jamii kwa njia ya mahali na jina kuliko kwa hotuba, na kwamba wale wanaokusanywa hulipokea jina hilo na kulitia maana ambayo mkusanyaji hakuitarajia.

Nchi ya watu waliotawanyika

Wenyeji wa kale wa eneo hili ni Wabende upande wa ziwa, Wakonongo katika misitu ya mashariki, na Wapimbwe kuelekea Rukwa, pamoja na jamaa zao wadogo. Wengi waliishi katika vijiji vidogo vilivyotawanyika. Walilima kwa kuhamahama, wakawinda, wakarina asali. Miombo haina rutuba ya kulisha umati mahali pamoja kwa miaka mingi, hivyo kutawanyika kulikuwa maarifa ya kilimo, wala hakukuwa dalili ya kukosa utaratibu.

Nao walikuwa na itikadi yao, ingawa hawakuiita hivyo. Mkoa wenyewe umebeba jina la Katabi, mwindaji wa masimulizi ambaye roho yake inasemekana kukaa katika mkwaju karibu na Ziwa Katavi, mahali ambapo watu wamekuwa wakiacha sadaka zao. Katika imani ya namna hii, mtu hufungwa na ardhi kwa kupitia wafu wake na mizimu ya mahali. Si kiongozi anayemwambia akae wapi. Ni kaburi, ni mti, ni maji. Fundo hili la kwanza tulikumbuke, kwa kuwa kila mkusanyo uliofuata ulilegeza uzi wake mmoja.

Karne ya 19 ilianza kuwakusanya watu kwa hofu. Biashara ya watumwa na pembe za ndovu, vita vya Mirambo wa Unyamwezi na uvamizi wa ruga-ruga viliwalazimisha wengi kujificha nyuma ya maboma ya miti. Boma, hata hivyo, lilikuwa kimbilio tu. Halikumwambia mtu yeye ni nani. Kazi hiyo ilianzia Karema.

Karema na kengele

Mwaka 1879, Kapteni Cambier wa Ubelgiji alijenga kituo Karema, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, kwa niaba ya chama kilichoanzishwa na Mfalme Leopold wa Pili baada ya mkutano wa Brussels wa mwaka 1876. Mwaka 1885 kituo kilikabidhiwa kwa Mapadri Weupe, wana wa Kadinali Lavigerie. Lavigerie alikuwa na ndoto ya kuona dola ya Kikristo ikichipuka katikati ya Afrika, na ng'ambo ya ziwa, huko Mpala, Léopold Joubert, aliyewahi kuwa askari wa Papa, alishika silaha kuilinda ndoto hiyo dhidi ya wafanyabiashara ya watumwa.

Waliokusanyika kwanza katika misheni hizi walikuwa watoto na watu wazima waliokombolewa utumwani, watu ambao fundo lao la ukoo lilikuwa limekwisha kukatwa. Kwao misheni ilikuwa ukoo mpya. Kengele iligawa siku, ubatizo ukatoa jina, na mashamba yakapimwa kuzunguka kanisa. Itikadi ilikuwa imepata ramani.

Mtu anayetuonyesha vizuri zaidi matokeo yake ni Adrian Atiman. Alizaliwa Afrika Magharibi, akatekwa akiwa mtoto, akakombolewa na Mapadri Weupe, akasomeshwa udaktari Malta, kisha akaletwa Karema mnamo mwaka 1889. Aliishi huko akiwa tabibu na katekista hadi alipofariki mwaka 1956. Wanaomtaja humtaja kama mfano wa uongofu, na ni haki yao. Lakini tumtazame pia kwa jicho la historia ya jamii. Mtu ambaye hakuwa na kaburi hata moja la babu yake katika Ubende alitibu watu wa Ubende kwa zaidi ya miaka 60. Itikadi iliyomleta ilimwita mwana wa Kanisa; wagonjwa waliokuwa wakimsubiri mlangoni walimfanya mtu wa Karema. Majina haya mawili hayakuzaliwa mahali pamoja, na la pili hakuna kadinali aliyelipanga.

Malale, au itikadi isiyojitaja

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walipoitwaa Tanganyika, ugonjwa wa malale ulienea katika nchi za magharibi. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali iliwahamisha watu wa maeneo mengi ya Ukonongo na jirani zake, ikawakusanya katika makazi makubwa yaliyofyekwa msitu ili mbung'o wasipate kivuli. Inyonga ni miongoni mwa majina yanayokumbukwa katika habari hiyo.

Mkusanyo huu haukujiita itikadi. Ulijiita afya, na ni kweli kwamba malale yaliua. Lakini wataalamu wa historia ya mazingira, kama vile Helge Kjekshus na John Ford, wameonyesha kwamba mbung'o hawakuenea kwa bahati. Vita, njaa, sotoka ya mifugo na misukosuko ya kuingia kwa ukoloni vilipunguza watu na ng'ombe. Msitu ukarudi, na mbung'o wakarudi nao. Dawa iliyochaguliwa ilikuwa kuwaondoa watu na kuuachia msitu nchi. Nyuma ya uamuzi huo kulikuwa na imani ambayo haikuandikwa katika tamko lolote: kwamba mwenyeji aliyetawanyika ni tatizo, na kwamba mwenyeji aliyepangwa katika mistari, karibu na barabara na mtoza kodi, ni maendeleo.

Hapa kuna fundisho kwa wapenda lugha. Itikadi yenye nguvu zaidi ni ile isiyo na jina, kwa sababu hakuna anayeweza kubishana nayo. Mtu angeweza kuukataa ubatizo. Angewezaje kuikataa afya? Na imani hiyo isiyotajwa iliishi kuliko ukoloni wenyewe. Wakoloni walipoondoka, wazo la kwamba kutawanyika ni unyonge lilibaki, likisubiri neno zuri zaidi la kulivika.

Ujamaa na ngonjera

Neno hilo lilipatikana. Ujamaa, kama wasomaji wa ukurasa huu wajuavyo, hutokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kukusanya. Mzizi huo umetupa jamaa, jamii, jumuiya, kujumuika, na hata Ijumaa, siku ya kukusanyika. Mwalimu Julius Nyerere alipolichagua mwaka 1962 kuwa jina la siasa yake, lilikuwa tayari neno la nyumbani, lenye harufu ya chungu na mkeka. Azimio la Arusha la Februari 1967 lililifanya neno la dola, na baadaye mwaka huohuo maandishi ya Ujamaa Vijijini yakalifanya ramani.

Washairi hawakuachwa nje. Mwaka 1968 Mwalimu aliwaomba watunzi walieneze Azimio kwa sanaa yao, na chama cha UKUTA kikalibeba jukumu hilo. Mathias Mnyampala aliipa nguvu ngonjera, utungo wa majibizano ambao kwa miaka mingi wanafunzi waliughani katika shule na mikutano ya nchi nzima. Tuitazame bahari hii kwa makini. Katika ngonjera mmoja huja na ujinga au shaka, mwenzake humjibu kwa hoja, na mwishoni wote wawili hukubaliana. Kukubaliana huko ndiko kanuni yake. Ngonjera haina nafasi ya mtu anayesikiliza hoja zote kwa adabu, kisha akabaki na shaka yake.

Na siasa yenyewe ilifuata kanuni hiyo. Kwa miaka kadhaa kujiunga na kijiji cha ujamaa kulikuwa jambo la hiari na ushawishi. Novemba 1973 kuishi vijijini kukatangazwa kuwa lazima, na mwisho wa mwaka 1976 ukawekwa kuwa ukomo. Mjibizanaji aliyekuwa hajakubaliana alikatiwa beti. Katika operesheni zilizofuata, mamilioni ya Watanzania walihamishwa, na yako maeneo ambako nyumba za waliokataa zilibomolewa au kuchomwa moto.

Katika nchi za Katavi jambo hili lilikuwa na sura ya pekee. Pale ambapo watu walikuwa wamekwisha kukusanywa kwa ajili ya malale, kijiji cha ujamaa kilikuta msingi uliokwisha kuwekwa. Mzee aliyeshuhudia yote mawili angeweza kuona mistari ileile ya nyumba na barabara ileile katikati. Kilichobadilika ni jina. Jana alikuwa mtu wa kukingwa na mbung'o. Leo alikuwa ndugu, mjenzi wa taifa.

Je, jina halikuwa na thamani? Ilikuwa nayo, tena kubwa. Neno ndugu lilimpa mkulima haki ya kusimama mbele ya katibu na kumdai usawa ule ambao katibu mwenyewe aliuhubiri. Shule ya msingi na zahanati vilifuata kijiji. Kiswahili kilikuwa lugha ya mkutano, hata Mkonongo na Mbende wakabishana kwa lugha moja bila yeyote kujiona ameshindwa kwa ulimi. Uchumi wa ujamaa ulidhoofika na baadaye ukaachwa. Adabu yake ya lugha imebaki. Ndivyo itikadi zinavyofanya. Hufa kwa yale zilizoahidi, zikaishi kwa yale zilizoyazoesha.

Mishamo, au taifa lililozaliwa ugenini

Mkusanyo wa nne ndio unaotufundisha zaidi. Mwaka 1972 utawala wa Michel Micombero katika Burundi, baada ya uasi uliozuka Aprili, uliwaua Wahutu kwa wingi, hasa waliosoma. Makadirio mengi ya waliokufa huanzia watu laki moja. Maelfu kwa maelfu walivuka mpaka. Tanzania iliwapokea na kuwapa ardhi katika makazi matatu makubwa: Ulyankulu katika Tabora, Katumba karibu na Mpanda, na kisha Mishamo, iliyofunguliwa mwaka 1978 katika misitu ya kaskazini-magharibi mwa Mpanda ili kupunguza msongamano wa Ulyankulu.

Serikali ilisisitiza kwamba hayo ni makazi, wala si kambi. Mkimbizi angepata shamba, angelima, angejitegemea. Ilikuwa ramani ya ujamaa iliyotandazwa kwa ajili ya mgeni: vijiji vilivyopimwa, barabara, shule, zahanati. Kwa ukarimu huo Mwalimu Nyerere alitunukiwa Nishani ya Nansen mwaka 1983, na nchi chache duniani zilifanya kama ilivyofanya Tanzania. Lakini mkazi wa Mishamo alihitaji kibali ili atoke. Alikuwa na shamba kama ndugu, na mipaka kama mkimbizi.

Mwanaanthropolojia Liisa Malkki alifika huko katikati ya miaka ya 1980. Alilinganisha Warundi wa Mishamo na Warundi wenzao, wakimbizi wa mwaka uleule, waliojichanganya na wenyeji katika mji wa Kigoma. Matokeo, aliyoyachapisha mwaka 1995 katika kitabu Purity and Exile, yanastahili kutafakariwa na kila mtu anayeandika juu ya jamii. Wa Kigoma hawakupenda kuitwa wakimbizi. Walioa na kuolewa, wakafanya biashara, wakabadili majina ilipofaa, wakajitambulisha kwa namna nyingi kulingana na mahali na saa. Wa Mishamo walifanya kinyume. Walilishika jina la mkimbizi kwa fahari, kwani mkimbizi ni mtu mwenye nchi anayoidai. Walisimuliana habari za Burundi tangu kale, za ujio, unyang'anyi na mauaji, mpaka masimulizi hayo yakawa msahafu wa taifa zima lililo uhamishoni.

Mwaka 1980, mle Mishamo, Rémi Gahutu aliasisi chama cha PALIPEHUTU. Mkono wake wa kijeshi, FNL, ulikuja kupigana katika vita vya Burundi na kuweka silaha chini mwaka 2009 tu, miaka tisa baada ya Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000.

Tupime jambo hili. Waliounda makazi walikusudia kupata wakulima wanaojitegemea, na wakawapata; Mishamo na Katumba zililisha wengi. Lakini ramani ileile iliyozalisha mahindi ilizalisha taifa. Watu wa asili moja, wenye kidonda kimoja, waliwekwa mahali pamoja, wakatengwa na wengine kwa msitu na kibali, wakapewa jina moja. Hawakuhitaji mhubiri kutoka nje. Na masimulizi yao hayakuwa ngonjera: hapakuwa na mpinzani wa kuwajibu, wala mwisho wa kukubaliana. Yule ambaye angeweza kujibu, Mtutsi jirani, mwenye kaburi na kidonda chake pia, hakuwepo katika mkutano. Itikadi ya kikabila hunenepa pale ambapo anayesemwa hayupo kusikia.

Kukusanya, kutawanya

Mwaka 2007 wakimbizi wa mwaka 1972 na watoto wao waliulizwa wanataka nini. Baada ya miaka 35 ya kusimulia nchi iliyopotea, takribani wanne katika kila watano waliomba uraia wa Tanzania. Fundo lililoonekana kuwa la chuma lilikuwa limelegea kimyakimya, kwa mikono ya waliozaliwa Mishamo na Katumba, ambao Burundi waliijua kwa masikio na miombo waliijua kwa miguu. Mwaka 2010 maombi ya watu 162,156 yalikubaliwa.

Hapo ndipo dola ilipobadili kitenzi. Kwa miaka mia moja ilikuwa imesema kusanyikeni. Sasa ilisema tawanyikeni. Ili wapewe vyeti vyao, raia hao walitakiwa kuyahama makazi na kusambaa katika mikoa mingine, wasije wakabaki taifa ndani ya taifa. Hofu hiyo haikuwa ya bure kwa mtu aliyejua historia ya Mishamo. Lakini ilisahau jambo ambalo mkwaju wa Katabi ungelikumbusha: watu hao sasa walikuwa na makaburi Katavi. Mpango wa kuwahamisha ukaachwa, na Oktoba 2014 vyeti vikaanza kutolewa.

Wameitwa raia wapya. Neno raia nalo ni la Kiarabu, na asili yake ni kundi la wanyama wenye mchungaji. Likaja kuwa watu walio chini ya mtawala. Ni neno la sheria, na dola inaweza kulitoa kwa karatasi na muhuri. Lakini Kiswahili kina neno jingine, mwananchi, lisiloazimwa popote, na hilo halitolewi na ofisi. Hutolewa na jirani anayekualika kwenye matanga, na mwenyekiti wa kitongoji anayekuuliza maoni yako bila kuanza na swali la ulikotoka. Adrian Atiman alilipata jina hilo bila cheti. Wapo wenye vyeti ambao bado wanalisubiri.

Suala hili halijafungwa. Katika sensa ya mwaka 2012 Katavi ilikuwa na watu 564,604. Katika sensa ya mwaka 2022 walifika 1,152,958, zaidi ya maradufu. Wafugaji na wakulima wa mikoa mingine wanaendelea kuingia, na wenyeji wa jana wanakuwa wachache katika nchi yenye jina la mzimu wao. Itazuka itikadi ya kuwapanga watu hawa wote, kwa jina la uhifadhi, au uwekezaji, au maendeleo. Huenda mwanzoni isijitaje kuwa itikadi, kama malale yasivyojitaja.

Kazi ya mtunzi wa Kiswahili katika wakati kama huo haiishi katika kulisifu neno jipya likija. Ailizame neno hilo na kuuliza: linamkusanya nani, linamweka wapi, na linamwita nani? Na akitunga ngonjera, amwache yule mjibizanaji mwenye shaka amalize beti zake.